Tumpeleke Polisi, au Tummalize Hapa?



Dominika ya tatu ya Majilio, tarehe 15 Desemba 2024, Kanisa lilitusomea Injili ya Luka sura ya tatu. Ndugu msomaji, bila shaka unakumbuka. Makundi ya watu wanamwendea Yohane Mbatizaji na kumwuliza wafanye nini. Wanakuja watoza ushuru na swali hilo hilo. Mwisho wanakuja askari. Yohane hakuwaambia wavue sare, wala hakuwaambia watupe silaha wakaishi naye jangwani wakila nzige. Aliwaambia waache kuwanyang'anya watu mali kwa vitisho, waache kuwasingizia watu makosa, na waridhike na mshahara wao.

Tulikuwa mafrateri watatu wa falsafa, likizoni nyumbani, katika parokia moja ya milimani juu ya Soni. Katekista aliomba mmoja wetu atoe tafakari fupi kigangoni. Frateri mwenzetu aliposema kwamba mambo ya askari na rushwa Luka aliyaandika zamani sana kabla Lushoto haijapata kituo cha polisi, watu walicheka. Hata mzee wa kigango alicheka. Tulirudi nyumbani tukiwa na furaha kwamba tafakari imependwa.

Siku nne baadaye hakuna aliyecheka.

Ilikuwa siku ya gulio. Mvua ya vuli ilikuwa imekatika asubuhi, njia inateleza, akina mama wameshusha karoti na kabichi zao wakisubiri Fuso la kwenda Dar es Salaam. Kelele zikaanza upande wa wauza mitumba: mwizi, mwizi! Kijana wa kama miaka 17 alikuwa amekutwa na betri ya sola ya mjane mmoja wa jumuiya yetu. Betri hiyo ndiyo taa ya watoto wake wanaposoma usiku, na ndiyo biashara yake ya kuchaji simu za majirani. Tulipofika walikuwa wamekwisha kumvua kijana shati. Mtu alikuwa ameleta tairi. Mwingine alishika petroli kwenye chupa ya maji, ile wanayonunua vijana wa bodaboda.

Hapo ndipo tuliposikia swali tulilolifanya kichwa cha makala haya. Mwanamume mmoja aliuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeuliza bei ya debe la viazi: tumpeleke polisi, au tummalize hapa?

Majibu yalitoka pande zote kwa pamoja. Ukimpeleka leo, kesho utakutana naye njiani akikucheka. Ukimpeleka, wewe mwenye mali ndiye utakayeambiwa utoe hela ya mafuta ya gari. Ukimpeleka, utaitwa shahidi mara tano, utaacha shamba lako mara tano, na kesi itafutwa. Hakuna aliyesema kwamba kumchoma mtu ni jambo jema. Walichokuwa wakisema ni kwamba mlango wa pili umefungwa.

Na sisi? Tuseme ukweli, maana makala haya hayana maana tukiuficha. Tulikuwa watatu, wawili tumevaa rozari shingoni, na kwa dakika ambazo hatuwezi kuzihesabu hatukufungua kinywa. Tuliogopa. Mmoja wa waliokuwa mstari wa mbele alikuwa msomaji wa somo la pili siku ile ya Dominika. Alituona, akatazama pembeni.

Aliyemwokoa yule kijana ni mkaguzi wa polisi wa kata. Alifika kwa bodaboda, bila bunduki, miguuni ana kandambili, kwa kuwa simu ilimkuta nyumbani. Hakupiga kelele. Aliuliza betri ni ya nani. Mjane akajitokeza. Akamwambia, "Mama, unataka betri yako, au unataka maiti?" Mama akasema anataka betri. "Basi twende wote, na watu wawili waje waandikishe maelezo." Watu wakamfungulia njia. Mwenye chupa ya petroli akaiweka chini polepole kama mtu anayerudisha kitu dukani.

Njiani kurudi tulibishana. Kwa nini walimsikiliza mtu mmoja asiye na silaha? Mwenzetu mmoja alisema ni kwa sababu ya mamlaka ya dola. Lakini dola ile ile ndiyo waliyokuwa wameikataa dakika chache kabla. Tulipouliza majirani jioni, kila mmoja alitusimulia kisa kimoja. Mwaka uliopita baba mmoja alikwenda kumdhamini mwanawe, akajaribu kumtilia mkaguzi huyo noti mkononi. Mkaguzi alimshika mkono, akamsogeza hadi ukutani palipobandikwa tangazo kwamba dhamana ni haki na haitozwi fedha, akamwambia asome kwa sauti. Baba hakujua kusoma vizuri, kwa hiyo wakasoma pamoja, neno kwa neno, mbele ya watu wote waliokuwa kwenye benchi. Kisa hicho kimezunguka vijiji vyote. Tena namba yake ya simu aliitoa msikitini na kanisani, na akipigiwa anapokea.

Mtusamehe, ndugu wasomaji, kwa kuwa haya ndiyo tunayosoma, lakini Aristotle katika mafundisho yake juu ya usemi alisema mambo matatu humfanya msemaji aaminiwe: busara, uadilifu, na nia njema kwa wanaomsikiliza. Hakutaja cheo wala sauti nene. Mkaguzi wetu wa kandambili alikuwa na yote matatu, na watu walikuwa wamekwisha kuyapima kabla ya siku ile. Sifa aliyoitumia gulioni alianza kuijenga mwaka mzima nyuma.

Basi maoni yetu ni haya. Watu wetu wanaposema wanataka uongozi imara katika polisi, mara nyingi husikika wakitaka uongozi mkali. Tunaletewa mkuu mpya wa polisi wa wilaya, tunaulizana: mkali? Tukisikia ni mkali tunaridhika. Sisi tunaona hapo tunakosea tangu mwanzo. Ukali haukumfungulia mkaguzi njia gulioni. Uongozi imara ni ule ambao kiongozi mwenyewe yuko chini ya sheria anayoisimamia, na watu wanamwona kuwa yuko chini yake.

Huko Kapernaumu kulikuwa na ofisa wa namna hiyo. Tunamkumbuka katika kila Misa kabla ya Komunyo, tunapokiri kwamba hatustahili Bwana aingie kwetu. Mara nyingi tunasifu imani yake tu, tukipita haraka juu ya mambo mawili anayoyaeleza Luka. La kwanza, wazee wa Wayahudi, watu waliotawaliwa na jeshi la kigeni, ndio waliokwenda kumwombea kwa Yesu, wakimshuhudia kwamba anawapenda na kwamba amewajengea sinagogi. Fikiria wazee wa kijiji chako wakienda kumwombea ofisa wa polisi! La pili, akida yule alipojieleza alianza kwa kusema kwamba yeye mwenyewe yuko chini ya mamlaka, ndipo akasema ana askari chini yake. Mpangilio huo wa maneno una uzito. Anayeamuru bila kujua kwamba naye anaamriwa hafai kupewa hata kirungu.

Sisi tuliozaliwa Usambara tuna namna yetu ya kulieleza jambo hili, na si ya jana. Wazee wa Kishambaa walikuwa na maneno mawili juu ya mtawala: kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, na kubana shi, yaani kuiharibu. Mwanahistoria Mmarekani Steven Feierman aliyachunguza maneno hayo kwa miaka mingi akizungumza na wakulima wa milima hii. Alionyesha kwamba kwa wazee wetu uponyaji wa nchi ulikuja pale nguvu ya mtawala mmoja ilipotulia na kukubaliwa, mvua ikanyesha, mashamba yakazaa. Uharibifu ulikuja pale nguvu iliposhindana na nguvu. Wao walisema hivyo hivyo: nguvu kwa nguvu.

Nguvu hiyo ilipatikanaje? Tunaambiwa katika Habari za Wakilindi, kitabu cha Abdallah bin Hemedi, kwamba Mbegha alikuja kutoka Nguu akiwa mwindaji tu. Aliua nguruwe mwitu waliokuwa wakimaliza mazao ya watu, akagawa nyama, akasuluhisha magomvi. Ndipo watu wa Vugha wakamfanya mfalme wao. Iwe historia tupu au hadithi yenye chumvi, hatubishani hapa. Inatosha kwamba wazee walipotaka kueleza mtawala anatoka wapi, walianza na kazi ya ulinzi na uamuzi wa haki. Kiti kilikuja baadaye. Na walijua pia upande wa pili. Kimweri ye Nyumbai alipofariki mwaka 1862, watoto na wajukuu zake waligombana. Semboja akawa na nguvu zake huko Mazinde, karibu na njia ya misafara, wengine wakabaki milimani na nguvu zao, na raia wa kawaida wakakamatwa na kuuzwa pwani na watu wale wale waliopaswa kuwalinda. Nguvu kwa nguvu.

Gulio letu siku ile lilikuwa nguvu kwa nguvu. Wenye tairi walikuwa na nguvu yao. Kituo kina nguvu yake. Mgambo wana yao. Sungusungu, waliozaliwa Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980 wakati wizi wa ng'ombe ulipozidi uwezo wa polisi, nao wameacha mfano unaoigwa hadi huku kwetu, pamoja na mema yake na mabaya yake. Na mkuu wa wilaya, kwa sheria ya tawala za mikoa ya mwaka 1997, anaweza kuamuru mtu awekwe ndani hadi saa 48. Mwananchi anapokamatwa haelewi ni nguvu ipi iliyomkamata. Anapoibiwa haelewi aende kwa ipi. Mtu asiyeelewa hivyo huokota jiwe.

Tusilaumu jiwe peke yake. Magazeti yetu yamezoea kuandika kwamba mtuhumiwa ameuawa na "wananchi wenye hasira kali", kana kwamba hasira ndiyo iliyofanya kazi na mikono haikuwapo. Wenye mikono ni sisi. Wamebatizwa, wamepata kipaimara, wamo katika jumuiya ndogo ndogo na katika kwaya. Amri ya tano haikuongezewa maneno "isipokuwa kibaka". Katiba yetu nayo, ibara ya 13, inakataza mtu kutendewa kama mkosaji kabla haijathibitika kwamba ana hatia, na ibara ya 14 inalinda uhai wake. Tunayajua haya. Ndiyo maana yule msomaji wa somo la pili alitazama pembeni.

Hata hivyo imani haiwezi kuamriwa. Milima hii ilipata kujaribiwa kwa jambo jema lililoletwa vibaya. Mwaka 1946 serikali ya kikoloni ilianza katika bonde la Mlalo mpango wa kuzuia mmomonyoko wa udongo, baadaye ukaenea Usambara. Wakulima walilazimishwa kulima matuta, asiyelima akapigwa faini. Udongo ulikuwa kweli ukimomonyoka, hata leo mvua kubwa ikinyesha tunauona ukiteremka mwekundu kuelekea Mombo. Lakini waliolazimisha hawakuaminiwa, machifu waliotumwa kutoza faini wakachukiwa, watu wakagoma, na kufikia mwisho wa miaka ya 1950 mpango ulikuwa umekufa. Sheria inayosimamiwa na mtu asiyeaminika hupoteza hata faida iliyokuwa nayo.

Sasa tuseme kwa nini polisi hawaaminiki, na tuseme kwa adabu lakini bila kuzunguka.

Wakubwa wetu wanakumbuka Januari 2006. Wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge pamoja na dereva wa teksi waliuawa na polisi Dar es Salaam. Taifa liliambiwa kwanza kwamba ni majambazi waliokuwa wakirushiana risasi na askari. Rais aliunda tume ya jaji, ikabainika kwamba hawakuwa majambazi, na kwamba waliuawa wakiwa tayari mikononi mwa askari, katika msitu wa Pande. Kesi ilichukua miaka kumi hadi Mahakama ya Rufani ilipomtia hatiani ofisa mmoja mwaka 2016. Tumelitaja tukio hili la zamani kwa sababu ya ile taarifa ya kwanza. Mauaji yalifanywa na wachache, lakini uongo ulisomwa kwa jina la jeshi zima, na tangu siku hiyo kila taarifa ya "majibizano ya risasi" inasikilizwa na wananchi kwa sikio moja.

Na liko la karibu, la mkoa wetu. Ijumaa ya tarehe 6 Septemba 2024, Ali Kibao, mwanasiasa wa Chadema na mwenyeji wa Tanga, alikuwa ndani ya basi akirudi nyumbani. Watu wenye silaha walilisimamisha basi Tegeta, wakamshusha mbele ya abiria wenzake. Kesho yake maiti yake ilipatikana Ununio. Rais alilaani mauaji hayo na kuagiza uchunguzi. Hatumtuhumu mtu, kwa kuwa hatujui, na kumsingizia mtu ni dhambi ile ile ambayo Yohane aliwakataza askari. Lakini hadi tunapoandika haya hatujasikia mtu aliyefikishwa mahakamani. Wauza viazi wetu hupanda mabasi ya njia hiyo kila wiki. Wanatuuliza: frateri, wakija watu wakasema wao ni polisi, utajuaje kwamba ni polisi? Swali hilo haliwezi kujibiwa kwa semina ya polisi jamii. Linajibiwa na kiongozi wa polisi anayesimama mbele ya watu na kusema: tumechunguza, tumepata hiki, huyu hapa yuko kizimbani. Akikaa kimya, ukimya wake nao ni taarifa.

Tukumbuke pia kwamba askari hufa. Tarehe 13 Aprili 2017 askari wanane waliuawa kwa kushambuliwa huko Kibiti, mkoani Pwani, wakirudi kutoka lindo. Walikuwa na wake na watoto kama watu wengine. Katika eneo ambalo wananchi wanawaogopa polisi sawasawa na wanavyowaogopa wauaji, hakuna anayenong'ona kwamba ameona wageni porini. Kwa hiyo askari mnyofu ndiye wa kwanza kuumizwa na uovu wa askari mwenzake. Tungependa jambo hili lisemwe zaidi kambini.

Jeshi la Polisi lenyewe limejaribu. Alipokuwa mkuu wake Said Mwema kuanzia mwaka 2006, falsafa ya polisi jamii ilienezwa nchi nzima. Miaka ya karibuni wakaguzi wamepelekwa kwenye kata, na bila hatua hiyo kijana wetu wa betri angekuwa majivu. Januari 2023 Rais Samia aliunda Tume ya Haki Jinai chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, na ripoti ikatolewa Julai mwaka huo. Kati ya mapendekezo yake limo la kubadili Jeshi la Polisi liwe huduma ya polisi, kwa jina na kwa mwenendo. Tunaliunga mkono, ila tuna wasiwasi mmoja. Wenzetu wa Kenya walibadili jina kwa Katiba ya 2010, tena wakaunda mwaka 2011 mamlaka huru ya raia ya kuwachunguza polisi. Lakini Juni 2024 vijana waliuawa kwa risasi katika maandamano ya Nairobi. Tofauti ni kwamba kule ipo ofisi isiyo ya polisi ambayo mama wa marehemu anaweza kubisha hodi. Sisi tungeanza na ofisi hiyo, jina lifuate.

Inachekesha kidogo, na inauma kidogo, kwamba Lushoto mjini ndiko kilipo Chuo cha Uongozi wa Mahakama. Watu wanatoka pembe zote za nchi kuja kusomea sheria kwenye baridi yetu. Kutoka chuoni hadi gulio lile si mbali kwa gari. Tungefurahi siku moja wanafunzi wale waletwe gulioni, wakae chini na akina mama, wawaeleze RB ni nini, fomu ya PF3 inatolewaje, mtuhumiwa anaweza kukaa mahabusu muda gani kabla ya kupelekwa mahakamani. Mama zetu wengi hawajui, na asiyejua haki yake huinunua.

Hapo tunafika kwenye dhambi yetu wenyewe, na hii tunaiweka mbele ya parokia nzima. Ile noti iliyorudishwa na mkaguzi ilitoka mfukoni mwa nani? Ilitoka kwa baba Mkatoliki. Tunapokamatwa na trafiki pikipiki haina bima, nani anayeanza kusema "afande, tuyamalize"? Tunapoitwa kutoa ushahidi, nani anayesafiri ghafla kwenda Korogwe kwa shangazi? Tunamtaka askari awe Yohane Mbatizaji, nasi tumebaki makutaniko. Kamati ya haki na amani ya parokia, kama ipo, tuliiona mara moja tu, siku ilipopigwa picha. Tunapendekeza iwe na kazi moja ndogo: kumsindikiza kituoni kila mtu wa jumuiya anayekwenda kushtaki au kudhamini, wasiende mmoja mmoja. Watu wawili wenye daftari benchini hubadilisha mambo mengi, wala si ugomvi na mtu.

Oktoba 2025 kulikuwa na uchaguzi mkuu. Tulishaona joto kidogo Novemba 27, 2024 katika uchaguzi wa serikali za mitaa. Siku zitakuja ambapo askari ataamriwa kutawanya watu, na watu wataambiwa kwamba askari ni adui. Imani ambayo haijajengwa kufikia Septemba haitaokotwa barabarani Oktoba.

Tulitaka kuishia hapo. Lakini juzi, tukiwa tumerudi seminarini, yule mjane alitupigia simu. Alisema betri ilirudi baada ya wiki tatu, na kijana yuko nyumbani kwa dhamana, kesi inaendelea, na kweli anakutana naye njiani. Anamsalimia shikamoo, naye anaitikia. Kisha akasema mkaguzi amehamishwa, amekwenda wilaya nyingine, watu walimchangia mchele na viazi vya safari, akakataa viazi akachukua kilo moja tu ya mchele. Akatuuliza kama tunamfahamu huyo mpya atakayekuja. Tukamwambia hatumfahamu. Akasema gulio linalofuata ni keshokutwa.